Fungu la Paka Katika Sinia ya Idi

Katika darasa letu limezuka swali ambalo mwanzo liliwachekesha baadhi yetu, na baadaye likatukalisha kitako hata adhana ya Isha. Swali lenyewe ni hili: mtu amekula na watu wake siku ya Idi, akashiba, akamshukuru Mola wake, kisha akakusanya mabaki ya sinia, wali uliokolea mchuzi, na mifupa, na vipande vya nyama, akamwekea paka wa nyumbani kwa kumhurumia. Baada ya siku tatu nne paka yule akalegea, akakataa chakula, akafa. Je, mtu huyu ameandikiwa thawabu kwa huruma yake, au ana lawama kwa mauti ya kiumbe yule? Au hana hili wala lile, na jambo limekwisha kwa kusema kwamba siku zake zilikuwa zimefika?

Waliocheka walisema: mambo ya Waislamu yameharibika pande zote, na sisi twakaa kitako kujadili paka! Maneno hayo tutayarudia, kwani yana jibu lake. Ama kwanza yafaa tujue kwamba swali hili si la paka peke yake. Ni swali la wema usio na ujuzi, nao ndio wema mwingi tulio nao. Yule anayemlisha paka kitu kimdhurucho kwa kumpenda, na yule anayempa mgonjwa dawa asiyoijua kwa kumhurumia, wote wawili wamesimama mahali pamoja.

Katika pwani yetu hii nyumba isiyo na paka ni chache. Ukienda Mji wa Kale wa Mombasa, ukienda Lamu au Malindi, utawaona barazani, juu ya kuta, penye duka la nyama na penye soko la samaki. Wengi wao hawana mwenyewe. Wamezaliwa uani, wakakua kwa kutupiwa hiki na kile, na mwenye nyumba hasemi kwamba ni wake wala hasemi kwamba si wake. Wazee wetu walisema paka wa nyumba haingwa, na kwa neno hilo wakamtia paka katika hesabu ya watu wa nyumbani. Lakini mtu wa nyumbani ana haki zake, na hapo ndipo wengi wetu tunapotaka kupita upesi.

Sote twaijua khabari ya yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, nayo imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Alimfungia, asimlishe wala asimwache atoke kujitafutia wadudu wa ardhi. Husimuliwa kwa watoto ili wasimtese paka, na hilo ni jema. Lakini tukiitazama kwa makini twaona kwamba mwanamke yule hakulaumiwa kwa kupiga wala kwa kuchoma. Amelaumiwa kwa kuwa alikitia kiumbe katika mamlaka yake kisha akaacha kuangalia kitakachompata. Kosa lake ni la kughafilika.

Mtu atasema: mimi sikumfungia paka yeyote, huja mwenyewe na huenda mwenyewe. Ni kweli. Lakini hebu tuangalie khabari ya sahaba Abu Qatada, iliyomo katika Muwatta ya Imam Malik na katika vitabu vya Sunan. Mke wa mwanawe, Kabsha binti Kaab, alimtilia maji ya kutawadhia, akaja paka kutaka kunywa, naye Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Bibi yule akawa anastaajabu, naye akamweleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), kwamba paka si najisi, kwa kuwa ni katika wale wanaotuzungukazunguka majumbani. Mafakihi wameichukua hadithi hii katika mlango wa tohara, na hapo ndipo penye faida yake kubwa. Walakini ndani yake mna jambo jingine. Paka ameruhusiwa kuwa karibu na vyombo vyetu kwa sababu hatuwezi kumweka mbali. Basi ikiwa hatuwezi kumweka mbali na vyombo, hatuwezi pia kudai kwamba yaliyomo katika vyombo hivyo yakimdhuru hayatuhusu.

Na hapa tuseme neno la kando. Kuna kisa kinachopendwa sana, cha Mtume (S.A.W.) kukata kipande cha kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake, na paka huyo ametiwa hata jina. Kisa hiki hakina asili katika vitabu vya hadithi, na mfano wake husimuliwa pia juu ya Sheikh Ahmad ar-Rifai. Hatuoni sababu ya kukitegemea, khasa tukiwa na zilizo sahihi mkononi. Mtu hujenga nyumba kwa mawe yaliyopo, si kwa aliyoyaota.

Mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, Izzuddin bin Abdissalam, aliyekufa Cairo mwaka 660 wa Hijra, yaani 1262, ameziandika haki za wanyama juu ya binadamu katika kitabu chake cha Qawaid. Ametaja kuwapa masurufu yanayowastahiki, hata wakiwa wazee au wagonjwa wasiokuwa na faida tena. Ametaja kutowabebesha wasichokiweza. Na ametaja kutowakusanya pamoja na kitu cha kuwaudhi, kiwe cha jinsi yao au cha jinsi nyingine. Alikuwa akisema juu ya mnyama anayepiga pembe au kuvunja. Nasi twaona si mbali kusema kwamba sahani yenye kumdhuru paka, ikiwekwa mbele yake na mtu anayejua, inaingia katika maana hiyo. Na katika mji uo huo na zama zizo hizo Sultani Baybars, aliyetawala mwaka 1260 hadi 1277, aliwawekea paka wakfu wa bustani. Mwingereza Edward Lane, ambaye kitabu chake juu ya desturi za Wamisri kilitoka mwaka 1836, ameeleza kwamba hata katika siku zake paka wa Cairo walikuwa wakiletewa chakula kila alasiri katika ua wa mahakama ya Kadhi. Tunayataja haya ili ijulikane kwamba kumfikiria paka si jambo tulilolipokea jana kutoka Ulaya.

Sasa na tuje kwenye sinia yenyewe, kwani fatwa isiyojua chakula kina nini ndani yake haina miguu.

Adui mkubwa wa paka katika chakula chetu cha Idi ni kitu ambacho hakuna mpishi anayeweza kupika bila yake, nacho ni kitunguu. Pilau huanza na kitunguu cha kukaangwa mpaka kikawa hudhurungi. Biriani ndiyo zaidi, kwani vitunguu vya kukaanga hutiwa kwa mabakuli. Mishkaki hulazwa katika kitunguu saumu na tangawizi. Sambusa ni nyama na kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu vina dutu za jamii ya kiberiti ambazo, zikiingia katika damu ya paka au mbwa, huziharibu chembe nyekundu zinazochukua hewa mwilini, chembe hizo zikapasuka, na mnyama akapungukiwa na damu. Damu ya paka ni dhaifu mbele ya kitu hiki kuliko ya mbwa, na kuliko yetu sisi kwa mbali. Waganga wa wanyama wamekadiria kwamba kitunguu cha yapata gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa paka chatosha kumletea madhara. Paka wetu wa kawaida ana kilo tatu au nne. Basi hesabu ni gramu 15 au 20, ambazo ni kama sehemu moja ya tano ya kitunguu cha kadiri. Kitunguu saumu ni kikali zaidi kwa uzito uo huo.

Na wala kupika hakuondoi sumu hii. Kukaanga hukausha kitunguu kikawa kidogo kwa macho, na ile dutu ikabakia, hata kijiko kimoja cha vitunguu vya biriani kikawa kimebeba zaidi ya kijiko cha vitunguu vibichi. Mchuzi nao umeinywa. Kumwondolea paka vipande vya vitunguu na kumpa wali uliolowa mchuzi ni kazi bure. Tena madhara hayaonekani papo hapo. Paka hula, akajilamba, akalala. Baada ya siku kadhaa ndipo ufizi unapokuwa mweupe, pumzi ikaenda mbio, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi au ya ukwaju. Wakati huo Idi imekwisha kusahauliwa, na mwenye nyumba husema amepatwa na jicho, au amelishwa sumu na jirani. Ni wangapi waliowadhania majirani zao mabaya kwa paka waliowalisha wenyewe kwa mikono yao?

Wala isemwe kwamba kidogo hakidhuru. Idi yetu ya Mfungo Tatu si ya mlo mmoja. Kuna siku ya kumi, na baada yake masiku matatu ya Tashriq, na kila siku ina nyama yake na wageni wake. Kidogo cha kila siku hujumlishwa katika damu ileile.

Baada ya kitunguu ni mfupa. Watu huona ajabu wakiambiwa paka asipewe mfupa, kama kwamba umeambiwa samaki asipewe maji. Mfupa uliopikwa hukauka ukawa mwepesi kukatika, khasa wa kuku, na ukikatika hutoa ncha kama ya sindano. Hukwama kooni, au hutoboa utumbo. Mwiba wa samaki ni vivyo hivyo. Na vijiti vya mishkaki ni vibaya kuliko mifupa, kwa kuwa vimenyonya mafuta na harufu ya nyama, na watoto huvitupa barazani kila mmoja akimaliza kula. Mnyama hukitafuna kijiti akakimeza, nacho kina ncha tangu dukani. Uzi uliofungiwa nyama au uliotolewa katika gunia la mchele una khatari yake peke yake: ulimi wa paka una miiba iliyoelekea ndani, basi akianza kuulamba uzi hawezi kuutema, hulazimika kuumeza, na uzi ukifika tumboni huukunja utumbo kama kitambaa kilichoshonwa kikavutwa. Akionekana na uzi umetokeza mdomoni au nyuma, usivutwe kwa hali yoyote, bali apelekwe kwa mganga wa wanyama. Karatasi ya fedha ya kufunikia nyama nayo humezwa kwa ajili ya mafuta yaliyoishika.

Mafuta mengi, kama ngozi ya kuku na mashahamu ya mbuzi, humletea mnyama tumbo na kutapika, na kwa mbwa huweza kukiwasha moto kongosho. Zabibu, tunazozitia katika tambi, huharibu figo za mbwa. Na chokoleti, wanazopewa watoto siku ya Idi, zina kitu ambacho mwili wa mbwa na wa paka hukawia kukitoa, moyo ukaenda mbio. Maziwa ambayo kila mtu hudhani ndiyo chakula cha paka, paka wengi wakubwa tumbo lao haliyawezi. Haya tunayapitia kwa haraka kwani asiyeyajua anaweza kuyauliza.

Basi turudi kwenye swali. Wenzetu waliosema mtu yule ana thawabu walitegemea kwamba amali huhukumiwa kwa nia, na nia yake ilikuwa huruma. Hilo ni kweli, wala hatuna uwezo wa kulipunguza. Lakini nia ni mlango wa amali, si amali yenyewe. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud khabari ya mtu aliyekuwa na jeraha la kichwa safarini, akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alihamaki, akaihesabu mauti ile kuwa imetoka kwao, akawalaumu kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui. Watu wale hawakuwa na nia mbaya, bali walikuwa wakiichunga dini. Na imepokewa pia kwamba mwenye kuganga watu hali hajulikani kwa uganga ana dhamana ya atakachokiharibu. Nia njema imemwondolea ubaya wa moyo, haikumwondolea dhamana.

Kwa hiyo baada ya majadiliano tumeona kwamba mtu yule wa swali, ikiwa hakujua wala hakuwa na njia ya kujua, twamtarajia thawabu ya huruma yake, na mauti ya paka si juu yake. Ikiwa alikuwa na njia ya kujua akapuuza, ana huruma yenye upungufu, na upungufu huo ni wake. Ama aliyekwisha kuambiwa, kisha akamwaga mabaki ya biriani mbele ya paka kwa kuwa ndiyo desturi na kwa kuwa jalala liko mbali, huyo hatuoni nia anayoweza kujitetea kwayo. Na kwa bahati mbaya au nzuri, ewe msomaji, uliyeufikia ukurasa huu umekwisha kutoka katika kundi la kwanza.

Kuna neno ambalo mmoja wetu alilisema, nalo lilitunyamazisha. Alisema: je, twahakika kwamba ni huruma? Tutazame tunachompa. Twampa ambacho hatukitaki: wali uliopoa, mfupa uliokwisha kunyonywa, kiazi kilichoanguka. Tungekuwa na jalala karibu tungelipa jalala. Kisha twajihesabia sadaka. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Al-Baqara tusikusudie kilicho kibaya katika mali yetu tukakitoa, hali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Aya hiyo imekuja juu ya kutoa kwa watu, wala hatusemi paka apewe nundu ya ng'ombe. Walakini moyo unaotoa ni mmoja, na moyo uliozoea kuita kusafisha sinia kuwa ni sadaka hautakawia kumfanyia masikini hivyo hivyo. Wala hatusemi hivi kwa kukisia. Nani asiyewahi kuona, siku ya pili ya Idi, nyama ya mapaja imetiwa katika barafu ya mwenye nyumba, na wenye kubisha hodi wakapewa mifupa ya shingo?

Hapa ndipo tuwajibu wale waliocheka mwanzo. Walisema masikini wana njaa na ninyi mwahangaika na paka. Twawaambia kwamba hakuna katika haya yote hata tonge moja linalomtoka masikini likaingia kwa paka. Masikini hali mfupa uliotafunwa wala kijiti cha mishkaki. Linalotakiwa hapa ni kuangalia tu, nako kuangalia hakuna gharama. Kinachomnyima masikini ni ile ratili ya ziada iliyopikwa kwa kujionyesha na kulala katika sufuria mpaka ikachacha. Israfi hiyo ndiyo iliyomdhulumu masikini mchana, na ndiyo iliyomdhuru paka usiku. Mabaki yakiwa machache, wote wawili wamesalimika.

Ama njia ya kufanya ni nyepesi, na mabibi zetu wataijua zaidi kuliko sisi tunaoandika. Fungu la paka litengwe kabla kitunguu hakijaingia chunguni. Nyama inapochemshwa peke yake, kabla ya chumvi, bizari na saumu, vitolewe vipande vichache visivyo na mfupa wala mafuta mengi, vipoe, viwekwe kando. Samaki naye ni hivyo: achemshwe, atolewe miiba. Apewe kidogo kidogo, kwani tumbo lililozoea dagaa haliwezi kugeuzwa kwa siku moja likawa tumbo la walima. Nyama mbichi tusiifanye desturi, kwa sababu ya minyoo. Na chombo cha maji kisisahauliwe. Siku ya wageni wengi ndiyo siku ambayo kila mtu hudhani mwingine amekijaza, na joto la pwani latujulikana.

Vyakula vilivyo mezani vifunikwe kawa, jambo ambalo bibi zetu walilifanya kila siku, nasi tumeliacha tangu tulipopata makabati ya vioo. Kufunika vyombo ni katika mafunzo tuliyopewa kwa ajili ya nafsi zetu, na hapa kumemfaa paka pia. Vijiti vya mishkaki vihesabiwe, vikusanywe na mkubwa, visiachiwe watoto. Pipa la taka liwe na kifuniko kizito. Karai ya mafuta ya kaimati isiachwe jikoni bila mtu, wala seredani lenye makaa, kwa kuwa paka huruka juu bila kuangalia chini kuna nini. Na mlango wa chumba kimoja ufungwe, pawe na utulivu, ili kiumbe asiyependa kelele apate pa kukimbilia, lakini amewekewa chakula na maji ndani, asije akawa kama yule wa hadithi.

Mbuzi wa kuchinjwa naye ana neno lake. Huletwa nyumbani siku tatu au wiki moja kabla, watoto wakamfanya rafiki, wakampa mkate, wali, unga wa mahindi na maganda. Tumbo la mbuzi limeumbwa kwa majani. Wanga mwingi wa ghafla huchacha ndani yake ukageuka asidi, akavimba, akalala chini, na mara nyingi hafiki siku ya Idi. Na akifika akiwa na ugonjwa ulio dhahiri hafai kwa udhiya, kwani maradhi ya dhahiri ni katika aibu nne zilizotajwa. Basi fedha imepotea na mnyama ameteseka, na watoto waliompenda ndio waliomfisha. Apewe majani na maji, na watoto wampe majani hayo kwa mikono yao ikiwa wanataka kumlisha.

Juu ya mbwa watu wetu wana desturi ya kumrushia jiwe, wakidhani kwamba kwa kuwa mate yake ni najisi basi roho yake haina hishima. Hawaikumbuki ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa. Najisi ni hukumu ya kutahirisha vyombo, haikuwa ruhusa ya kudhulumu. Na katika Idi ya kuchinja mbwa ana khatari inayoturudia sisi wenyewe. Ini na mapafu ya mbuzi na kondoo mara nyingine huwa na malengelenge yenye maji, na ndani yake mna vijidudu vya mnyoo mdogo wa jamii ya tegu. Mbwa akila matumbo hayo mabichi, mnyoo hukua ndani yake, mayai yakatoka kwa kinyesi chake, yakaingia katika mchanga, mboga na mikono ya watoto, na ndani ya mwili wa mtu yakafanya uvimbe wa maji katika ini au mapafu. Katika nchi yetu Turkana ilijulikana kwa ugonjwa huu kuliko sehemu nyingi za ulimwengu. Basi ini lenye malengelenge lisitupwe jaani wala ufuoni, bali lizikwe kwa kina au lichomwe.

Na punda wa Lamu, wanaoachwa usiku kujitafutia katika vichochoro, hula mabaki pamoja na vilivyofungiwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini kamba, mifuko ya mikate na karatasi za nailoni zingali zimejaa majalalani baada ya kila sikukuu, na vitu hivyo huziba matumbo ya punda. Kituo cha kuwatibu punda kimekuwapo Lamu tangu mwaka 1987, lakini mganga akipasua tumbo hawezi kuuambia mji mzima ufunge taka zake.

Paka akiisha kudhurika, jambo la kwanza ni kutomtibu kwa kubahatisha. Wako wanaompa Panadol kwa kuona kwamba ana homa. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja chatosha kumuua. Wako wanaomnywesha maji ya chumvi ili atapike, nayo humzidishia sumu juu ya sumu, na akiwa amemeza mfupa, kutapika huurudisha ukichana njia. Aulizwe mganga wa wanyama, aambiwe alikula nini, lini na kiasi gani, bila ya kuona haya. Na siku hizi simu imo mfukoni mwa kila mtu.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali la pili, nalo hatujalimaliza. Paka wa uani asiye na mwenyewe, anayekula nyumba tatu, akiugua ni nani atakayetoa ujira wa mganga? Mmoja katika sisi asema ni juu ya aliyemlisha kilichomdhuru, kwa ile dhamana tuliyoitaja. Mwingine asema hakuna awezaye kujua ni sinia ya nani, basi nyumba zote tatu zichange, kama zinavyochanga kwa taa ya kichochoro. Sheikh wetu ameelekea kwa huyu wa pili, akasema ashukuriwe atakayeanza kutoa bila ya kungoja wenzake. Wenye rai nyingine na watuletee kabla ya Mfungo Tatu.